Kivu ya Kusini: hali ya hewa kwenye ubao wa kazi, saa isipokuwa ya kweli ni hatari

Timu zinazotuma magari Kalehe ao maboti kwenye ziwa Kivu zinaamua kila asubuhi: kuondoka ao kungoja. Zile zenye ubao wa kazi kwenye kompyuta, wenye kuonyesha safari, madereva na mizigo, zinaweza kuongeza humo kisanduku cha hali ya hewa bila gharama kubwa.

Faida yake inaeleweka. Mwezi wa tano 2023, mafuriko yalibomoa vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe, na watu zaidi ya 400 walipoteza maisha.

Open-Meteo inatoa data bure kwa kazi zisizo za biashara, bila kuomba kujiandikisha. Kisanduku kinatuma namba za mahali, kwa Bukavu nyuzi 2,5 kusini na 28,86 mashariki, kisha kinapokea joto, mvua na nguvu ya upepo. Kuomba kila dakika 15 kunatosha: ni mara 96 kwa siku.

Shida kubwa ni saa. Usipochagua saa ya mahali, jibu linakuja kwa saa ya GMT, iliyo nyuma ya Bukavu kwa saa mbili. Mvua inayongojewa saa nane mchana itaandikwa saa sita. Dereva akiangalia saa saba, ataona kwamba imepita, kumbe bado inakuja. Kuchagua saa ya Kinshasa pia kunaacha kosa la saa moja. Kwa Goma, Bukavu na Uvira, inafaa kuandika «Africa/Lubumbashi».

Tena, intaneti ikikatika, namba ya asubuhi inaweza kubaki kwenye ekra mpaka jioni. Kwa hiyo kisanduku kionyeshe saa kilipopokea data, na baada ya saa moja bila habari mpya kibadilike rangi na kuandika «data ya zamani».

Mwishowe, namba hizo ni hesabu za kompyuta kwa eneo la kilomita kadhaa. Hazijui kama mto umejaa juu ya kijiji. Basi pembeni ya kisanduku iwekwe nafasi ya ujumbe wa mtu aliye kule. Yeye akisema maji yanapanda, gari lisiondoke, hata kama ekra inaonyesha jua.