Leza ya macho: fundi wa Gisozi aulize nini kabla ya kuvua miwani?

Ukiingia Agakiriro ka Gisozi saa za kazi, unga wa mbao unakupokea mlangoni. Fundi anayevaa miwani anaijua taabu yake: vioo vinachafuka, jasho linaiteremsha hadi puani, na miwani ya kinga haikai vizuri juu ya miwani ya kuonea. Kwa mtu wa namna hii, habari kwamba upasuaji wa leza unaweza kumaliza mambo ya miwani inavutia sana. Ni kweli kwa wengi. Lakini kazi anayofanya, hali ya macho yake na hata safari anayoitarajia vinaweza kubadilisha jibu.

Leza haitibu kila ugonjwa wa macho. Inafanya kazi kwenye konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, ambayo katikati yake ina unene wa karibu nusu milimita tu. Leza huondoa sehemu ndogo sana ya konea ili kuibadilisha umbo, na mwanga utue pale unapotakiwa nyuma ya jicho. Kilichoondolewa hakirudi. Ndiyo maana daktari makini hupima kwanza unene na umbo la konea kwa mashine, wala haridhiki na namba za miwani peke yake.

Matokeo kwa ujumla ni mazuri. Mwaka 2017 zilichapishwa tafiti mbili zilizohusisha Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, juu ya watu waliofanyiwa aina ya leza iitwayo LASIK. Zaidi ya asilimia 95 waliridhika na uwezo wao wa kuona. Hata hivyo, kati ya wale ambao kabla ya upasuaji hawakuwa na usumbufu wa kuona, hadi asilimia 46 walisema baada ya miezi 3 wana angalau usumbufu mmoja mpya: duara za mwanga kuzunguka taa, mng'ao, au kuona picha mbilimbili. Walioshindwa sana kufanya shughuli zao kwa sababu hiyo walikuwa chini ya asilimia 1. Macho makavu nayo yaliwapata hadi asilimia 28 ya wale ambao hawakuwa nayo mwanzo. Ukavu huo mara nyingi hupungua kwa miezi, ila kwa wachache hubaki. Dereva wa moto anayebeba abiria usiku apime mwenyewe uzito wa jambo hili, maana taa za magari zinamjia usoni kila dakika.

Sasa turudi kwa fundi. Katika LASIK daktari hukata kifuniko chembamba juu ya konea, kikiwa kimeshikwa upande mmoja kama mlango kwenye bawaba. Hukifunua, hupitisha leza chini yake, kisha hukirudisha. Uoni hurudi haraka, pengine kesho yake. Lakini kifuniko hicho hakishiki tena kwa nguvu ya zamani. Kipande cha mbao kikiruka na kugonga jicho, hata miaka baadaye, kinaweza kukisogeza. Si tukio la kila siku, ila karakana si ofisi. Njia ya zamani zaidi, PRK, haiachi kifuniko. Utando wa juu huondolewa na kuota upya kwa siku kadhaa. Maumivu ni makubwa zaidi, uoni huchukua wiki kadhaa kutulia, na miwani ya jua inahitajika kwa sababu mwanga mkali unaweza kuchangia ukungu kwenye konea. Kwa anayepasua mbao au kuchomelea vyuma, muulize daktari juu ya njia hii kwanza. Na baada ya njia yoyote ile, miwani ya kinga haiachwi.

Kuna kundi ambalo leza inaweza kulidhuru: wenye konea dhaifu inayochomoza mbele kama koni, ugonjwa uitwao keratokonasi. Kuipunguza konea hiyo ni kuidhoofisha zaidi. Kufikicha macho sana kunahusishwa na ugonjwa huu, na mzio wa macho unaowasha huwapata watoto na vijana wengi wa Rwanda. Kama macho yamekuwasha tangu utotoni, au namba za miwani zinabadilika kila mwaka, mwambie daktari hata asipouliza. Walio chini ya miaka 18, wajawazito na wanaonyonyesha wasubiri.

Leza pia haizuii uzee. Ukivuka miaka 40 utahitaji miwani ya kusomea kama jirani yako. Mtoto wa jicho akija uzeeni, daktari atakayemtoa atahitaji vipimo vya konea yako vya kabla ya leza ili achague lenzi sahihi. Kwa mkimbizi hili ni zito, kwa sababu karatasi hupotea njiani. Omba nakala, zipige picha, na uzitunze pamoja na nyaraka za familia. Kama unasubiri kuhamishiwa nchi ya tatu, usifanyiwe upasuaji wiki chache kabla ya safari. Baadhi ya matone yanayotumika baadaye yana steroidi. Ukiendelea kuyanunua duka la dawa bila kupimwa, yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuua mshipa wa kuonea polepole, bila maumivu.

Kabla ya kukopa pesa kwa ajili ya leza, pita kituo cha afya. Kati ya 2012 na 2017 Wizara ya Afya na shirika la Vision for a Nation walifundisha wauguzi wa vituo vya afya nchini kote kupima macho na kutoa miwani ya bei nafuu. Huenda miwani uliyonayo haikufai tu. Kuhusu bima, pata jibu la maandishi kabla ya kulipa chochote.

Aliyekwisha kufanyiwa leza arudi hospitali siku hiyo hiyo akipata maumivu yanayoongezeka, jicho jekundu lenye usaha, uoni kushuka ghafla, au pigo lolote jichoni. Asilifikiche, asiweke dawa ya jirani.