Afisa Ustawi wa Jamii Yuko Wapi, na Kadi Yako Itapokelewa?

Sote tunamjua mganga wa zahanati, bwana shamba na mwalimu mkuu. Lakini afisa ustawi wa jamii hatumjui. Wengine wanasema ati kazi yake ni kunyang'anya watu watoto wao. Basi shida ikiingia nyumbani, tunaifungia ndani mpaka inatushinda.

Tuseme kuna mama ana binti aliyefiwa na mume. Binti hali, halali, hasemi na mtu. Mtoto wake mchanga akilia, hamtazami. Majirani wanasema amerogwa. Mama anauza mbuzi, anampandisha binti basi mpaka hospitali ya mkoa. Kadi ya bima anayo mkononi. Kufika dirishani anaulizwa: "Barua ya rufaa iko wapi?" Hana. Anaambiwa alipe taslimu. Hela ya mbuzi nusu imekwisha kwa nauli, na iliyobaki haitoshi. Wanarudi nyumbani jinsi walivyokuja.

Mama huyu alikosa kujua mambo mawili: nani wa kumwona kwanza, na kadi yake inapokelewa wapi.

Afisa ustawi wa jamii ni mtu aliyesomea kazi yake. Hapa Tanzania, chuo cha taifa cha kazi hiyo kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, huko Dar es Salaam. Yeye hatoi dawa wala hachomi sindano. Anakaa na mgonjwa na jamaa zake, anasikiliza, anauliza, anaweza hata kufika nyumbani. Halafu anawaunganisha na daktari, na mahakama au na polisi, kwa jinsi shida ilivyo. Msiba uliozidi nguvu, ulevi, mtoto anayepigwa, mzee aliyetupwa na wanawe: hayo yote ni kazi yake.

Msimchanganye na afisa maendeleo ya jamii. Huyo ni wa vikundi na mikopo ya halmashauri. Majina yanafanana, na watu wengi wanapoteza siku nzima kwenye ofisi siyo yao.

Kumtafuta, anzeni kwa mtendaji wa kijiji. Mwulizeni: "Afisa ustawi wa jamii wa kata yetu ni nani, na anapatikana siku gani?" Kata nyingi hazina. Kama yenu haina, yuko halmashauri, na mara nyingi yuko pia katika hospitali ya wilaya. Muuguzi wa zahanati naye anaweza kuwaelekeza. Ombeni namba ya simu, mpige kabla ya kusafiri, maana maafisa hawa ni wachache na hutoka kwenda vijijini. Mtoto akiwa hatarini msingoje. Pigeni 116, simu hiyo ni ya bure.

Afisa wa halmashauri analipwa mshahara na Serikali. Hakuna ada ya kumweleza shida yako. Akitokea mtu anadai "hela ya fomu", mwombe stakabadhi, utaona atakavyobabaika.

Gharama zinaanza pale anapowapeleka kwa daktari. Hapo ndipo kadi inaingia, na hapo ndipo wengi wanakwama. Kadi za bima hazifanani. Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF, ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996. Bima ya watumishi, NHIF, iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1999. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kwa hiyo usitegemee bei na masharti uliyosikia miaka iliyopita. Uliza upya.

Uliza nini? Kwanza, kadi yangu iko hai? Pili, jina la mgonjwa limo? Binti akishaolewa, huenda hayumo kwenye kadi ya mama yake. Tatu, hospitali hiyo inapokea kadi hii leo? Sisemi "leo" bure. Mwezi wa Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kupokea kadi za NHIF kwa sababu ya mzozo wa bei. Aliyeenda bila kuuliza aliambiwa mlangoni. Nne, je, kadi inalipia mazungumzo ya ushauri na dawa pia, au kumwona daktari tu? Mwambie karani wa bima akutajie kimoja kimoja, nawe uandike kwenye daftari. Kusoma na kuandika tulikojifunza kunatumika hapo.

Barua ya rufaa inaanzia zahanati au kituo cha afya. Yule mama angepita zahanati kwanza angeandikiwa, pengine asingeuza mbuzi.

Na asiye na kadi? Uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993, iliwekwa pia misamaha kwa wasio na uwezo. Hospitalini, afisa ustawi wa jamii ndiye anayepima nani apate. Mwone kabla hujaandikiwa deni, siyo baada. Nenda na barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza hali yako, yenye mhuri. Bila mhuri utarudishwa.