Kabla Peugeot ya babu haijatiwa injini ya Toyota

Babu amekupa Peugeot 504 yake, nawe wataka fundi wa jua kali hapo Kitale aitie injini ya Toyota. Poa, spea hazitakusumbua. Lakini injini yenye nguvu haiongezi nguvu ya breki. Zikaguliwe kwanza.

Halafu mikanda. Tafuta ule wa begani na kiunoni, aliobuni Nils Bohlin wa Volvo mwaka wa 1959. Ukifungwa kwenye bati lenye kutu, utang'oka siku ya ajali. Kila bolti iwekewe bamba la chuma nyuma yake.

Nambari ya injini nayo ibadilishwe rasmi kupitia NTSA. Ndipo mteremke Bungoma, babu kiti cha mbele, mkanda kifuani.