Kiswahili Katika Chombo cha Angani

Nataka kuwaeleza kwa kifupi juu ya mchezo mmoja wa televisheni. Mchezo wenyewe ni Star Trek, nao ulianza kuonyeshwa Marekani mwaka 1966, miaka mitano baada ya Uhuru wa Tanganyika. Unahusu mabaharia wa chombo kinachosafiri kati ya nyota. Ofisa wao wa mawasiliano ni mwanamke aitwaye Uhura, jina lililotokana na neno letu "uhuru". Aliigizwa na Nichelle Nichols, Mmarekani Mweusi aliyefariki mwaka 2022.

Katika sehemu moja ya mwaka 1967, mashine iitwayo Nomad inamsikia Uhura akiimba. Haielewi kuimba ni kitu gani, nayo inamfutia elimu yake yote. Basi muuguzi anamfundisha kusoma upya kwa Kiingereza, kama mtoto wa darasa la kwanza. Neno likimshinda, Uhura anakimbilia Kiswahili!

Kwetu Makambako, reli ya TAZARA inapokutana na barabara ya Songea, Wabena, Wakinga na wageni wa mbali hupatana kwa Kiswahili. Hapa shuleni Njombe, fizikia twasoma kwa Kiingereza, na wengi wetu twakariri tu. Sisemi tukiache Kiingereza, maana mtihani wa kidato cha nne unatungojea. Nasema hivi: ukishakariri kanuni, mweleze mwenzako kwa Kiswahili. Ikikushinda kuieleza, bado hujaielewa, hata kama waweza kuiandika bila kosa.