Dagaa wa Kigoma wakikataliwa Dar, nani hulipa nauli?

Muuzaji wa Kibirizi au Ujiji humtumia mteja wa Dar es Salaam picha ya dagaa waliokaushwa kwenye chanja, safi kabisa. Bei inamalizwa kwa simu, na magunia yanasafiri zaidi ya kilomita 1,200. Mteja anafungua, anakuta mchanga, anasema hataki.

Wengi hudhani mzigo utarudi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, haisemi hivyo. Mzigo usiolingana na sampuli au maelezo, mnunuzi anaweza kuukataa baada ya kuukagua, na halazimiki kuurudisha isipokuwa walikubaliana. Kumwarifu muuzaji kunatosha. Nauli ya kurudi ni ya muuzaji, na dagaa hawangoji. Ndipo anaposhusha bei hapohapo, na mnunuzi mjanja analijua hilo.

Hata hivyo, mnunuzi naye ana mpaka. Akikaa nao kimya kupita muda unaofaa, huhesabiwa amewapokea. Huo "muda unaofaa" ndio ugomvi wenyewe. Afadhali waandikiane ujumbe kabla ya kupakia: siku ngapi za kukagua, nani alipe nauli, na kisado kimoja cha sampuli kibaki kwa kila upande.