Likasi: Mawe ya Shinkolobwe, moto wa Hiroshima na mchezo wa besiboli

LIKASI – Kilomita kama 20 magharibi mwa mji huu wa jimbo la Haut-Katanga kuna Shinkolobwe, mgodi uliotoa sehemu kubwa ya uraniamu ambayo Wamarekani waliitumia kwa bomu lililoangushwa Hiroshima, Japani, tarehe 6 Agosti 1945. Habari hiyo wakaaji wengi wa Likasi wameisikia. Isiyojulikana sana ni habari ya miaka iliyofuata: watu wa Hiroshima walianzisha timu ya besiboli kati ya magofu ya mji wao, na timu ilipokosa pesa, waliilipia wenyewe kwa sarafu zao.

Besiboli si mchezo wa Katanga. Kikula, Panda au Shituru, mtoto akiulizwa timu yake atataja Mazembe au Lupopo. Lakini historia ya mchezo huu inapita karibu na Likasi kuliko watu wanavyodhani.

Kwa asiyeujua, timu mbili zinacheza, kila moja na watu tisa. Mrushaji anatupa mpira mdogo mgumu, na mpigaji wa timu ya pili anaupiga kwa gongo la mti, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne. Akirudi salama pale alipoanzia, timu yake inapata pointi moja. Wapigaji watatu wakitolewa, timu zinabadilishana kazi. Kila timu inapata zamu tisa za kupiga.

Nani aliuanzisha?

Kwa miaka mingi Wamarekani waliambiwa kwamba mchezo huu ulibuniwa mwaka 1839 na mwanajeshi Abner Doubleday, katika kijiji cha Cooperstown. Ndivyo ilivyosema tume moja mwaka 1907, ikitegemea zaidi maneno ya mzee mmoja aliyekumbuka mambo ya utoto wake. Wanahistoria waliikataa hadithi hiyo. Mwaka 1839 Doubleday alikuwa mwanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point, na jina la besiboli lilikuwa limekwisha kuchapwa London mwaka 1744, katika kitabu cha watoto.

Mizizi yake basi ni michezo ya watoto wa Uingereza, iliyovuka bahari pamoja na wahamiaji. Kilichofanyika Marekani ni kuiwekea sheria. Mwaka 1845, klabu ya Knickerbocker ya New York iliandika kanuni zake. Moja ilikataza kumpiga mkimbiaji kwa mpira, jambo lililokuwa la kawaida zamani. Tarehe 19 Juni 1846, klabu hiyo ilicheza na timu nyingine mjini Hoboken kwa kanuni hizo, na ikafungwa 23 kwa 1.

Mwaka 1869, timu ya Cincinnati ilikuwa ya kwanza kuwalipa wachezaji wake wote mshahara waziwazi. Lakini mlango haukuwa wazi kwa kila mtu. Wachezaji weusi walifungiwa nje ya ligi kubwa kwa miaka zaidi ya 60, mpaka tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson alipoingia uwanjani na timu ya Brooklyn Dodgers.

Mwaka 1915, huku na kule

Japani iliupokea mchezo huu kutoka kwa mwalimu Mmarekani, Horace Wilson, aliyewafundisha wanafunzi wake wa Tokyo mwaka 1872. Ukaenea shuleni. Mwaka 1915 yalianza mashindano ya shule za sekondari za nchi nzima, ambayo leo yanajulikana kwa jina la Koshien, uwanja yanapochezewa.

Mwaka huohuo wa 1915, Mwingereza Robert Rich Sharp, mtafuta madini wa kampuni ya Union Minière, aligundua uraniamu Shinkolobwe. Wakati ule kampuni ilitafuta radiamu ya kuuzia hospitali, na uraniamu yenyewe haikuwa na soko kubwa.

Vita vilibadilisha hesabu. Mwaka 1940, Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alipeleka New York tani zaidi ya 1,000 za mawe hayo ili yasiangukie mikononi mwa Wajerumani. Mwezi wa Septemba 1942, jeshi la Marekani lilimfuata na kuyanunua. Mgodi, uliokuwa umefungwa, ukafunguliwa tena. Kazi ilikuwa ya siri kubwa, na Wakongo walioyachimba na kuyabeba mawe yale hawakuambiwa yatatumiwa kufanya nini.

Mwisho wa mwaka 1945, watu wapatao 140,000 wa Hiroshima walikuwa wamekufa.

Mapipa mbele ya uwanja

Miaka minne baadaye, Desemba 1949, timu ya Hiroshima Carp iliundwa. Jina lake ni la samaki anayehusishwa na ngome ya kale ya mji huo. Timu nyingine za Japani zilikuwa na makampuni makubwa nyuma yao. Carp haikuwa na tajiri. Ilikuwa timu ya mji.

Mwaka 1951 mishahara ilishindikana, na viongozi walifikiria kuivunja au kuiunganisha na timu nyingine. Kocha Shuichi Ishimoto aliwaomba watu msaada. Mapipa ya pombe ya mchele yaliwekwa mbele ya uwanja, na watu ambao wengi wao bado walikuwa wakijenga nyumba zao upya walipita wakitia sarafu. Timu ikabaki.

Mwaka 1957 ilipata uwanja mpya ng'ambo ya barabara kutoka jengo maarufu lililobaki limesimama baada ya bomu. Mwaka 1975, miaka 30 baada ya mlipuko, Carp ilichukua ubingwa wa ligi yake kwa mara ya kwanza. Taji la Japani nzima lilikuja mwaka 1979.

Shinkolobwe ilipata njia nyingine. Wakati wa uhuru, mwaka 1960, mashimo yake yalizibwa kwa saruji. Baadaye wachimbaji wa mikono waliingia kutafuta kobalti. Serikali iliwakataza Januari 2004, lakini Julai mwaka huohuo udongo uliporomoka na kuua watu.

Mchezo wakaribia

Besiboli sasa inachezwa kwa majirani wa Kongo. Mwaka 2012, watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto huko Marekani. Mwaka 2022, timu ya Los Angeles Dodgers iliwasajili vijana wawili wa Uganda. Tanzania ilifundishwa na Mjapani, Shinya Tomonari, na mashindano ya shule za huko yanaitwa Koshien, kama yale ya Japani.

Vifaa vyake ni ghali: gongo, glavu, kofia ngumu. Ndiyo maana shirikisho la dunia lilianzisha mwaka 2017 aina iitwayo Baseball5. Timu ina watu watano, wavulana na wasichana pamoja. Hakuna gongo wala glavu. Mpigaji anaupiga mpira wa kawaida wa raba kwa mkono wake. Mchezo huo umo katika ratiba ya Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar, kuanzia tarehe 31 Oktoba 2026, michezo ya kwanza ya Olimpiki katika ardhi ya Afrika.

Kwa hiyo, kijana wa Likasi akitaka kujaribu, anahitaji wenzake, mpira mmoja wa raba na uwanja wa mita chache. Na akicheza, anaweza kuwakumbuka watu wa mji wa mbali ambao mawe ya karibu na kwao yaliwaunguza, wakasimama tena.