Kuni Mbichi Huiba Pumzi



Mkaratusi au mwembe wa nyuma ya nyumba ukikatwa usije ukaangukia paa, wengi wetu hufurahi: kuni zimepatikana! Jioni hiyo hiyo zinaingia jikoni. Hapo ndipo tunapokosea.

Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji kiasi cha nusu ya uzito wake. Moto hutumia nguvu zake kukausha maji hayo kwanza. Ukuni hauungui vizuri, na kile kisichoungua ndicho moshi. Mama anafuta machozi, na mtoto aliye mgongoni anavuta moshi huo huo kwa mapafu yake machanga. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, hasa moshi wa kupikia, iliua watu milioni 3.2, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka 5. Nimonia ni moja ya magonjwa hayo.

Basi, tufanye nini?

Kwanza, tukate magogo mafupi na kuyapasua mapema. Ukuni uliopasuliwa hukauka upesi kuliko gogo zima.

Pili, tuzipange kuni juu ya mawe, zisiguse udongo, mahali penye jua na upepo. Tuzifunike juu kwa bati, pembeni tuache wazi.

Tatu, tuwe na subira. Miti migumu huhitaji miezi 6 hadi mwaka mzima. Kuni zilizokauka ni nyepesi, zina nyufa kwenye ncha, na ukizigonganisha hulia "ko!"

Tujihadhari na mnyaa: utomvu wake huumiza vibaya macho. Tena tusiwashe moto kwa plastiki wala malapa mabovu.

Hata kuni kavu zina moshi. Tufungue madirisha, watoto wakae mbali na jiko. Makaa yanayowaka yasilale nasi chumbani. Hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua watu usingizini.

Mtoto akipumua haraka haraka, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, tumpeleke zahanati siku hiyo hiyo.

Mungu ndiye aliyempa mwanadamu pumzi ya uhai. Tusiache moshi uwanyang'anye watoto wetu.